Kupungua Bila Kibali

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia ili wasije wakasema hawakuambiwa, kwamba tarehe tisa Januari, saa mbili kamili asubuhi, wanga ulikoma kuwa chakula katika mji wa Skarstad, Dakota Kaskazini.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Verlyn Odegaard, karani wa mji huu kwa miaka ishirini na miwili. Meya alilisoma kwenye ngazi za jengo la zimamoto, mimi nikamshikia karatasi isipeperuke. Huo ndio mgawanyo wetu wa madaraka na haujawahi kutuangusha.

Chanzo cha yote ni barua. Msimu wa vuli, muuguzi wa wilaya, Ione Bakke, alikuja na mizani na utepe, akatupima watu wazima wote kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Mwezi Desemba barua ikaja: Skarstad imekuwa ya kwanza katika wilaya nzima. Meya wetu, Lowell Stenerud, amesubiri mji uwe wa kwanza kwa jambo lolote tangu tuliposhindwa fainali ya mpira wa kikapu tukiwa shuleni. Akaagiza bango kubwa, HONGERA SKARSTAD, WA KWANZA HATIMAYE!, likatundikwa kabla hajafungua ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba tumekuwa wa kwanza kwa upana wa viuno. Bango lilikaa pale wiki tatu zaidi, kwa sababu ngazi ya kulishushia ilikuwa imegandiana na ukuta kwa barafu.

Mimi pia nilipimwa. Ione alinidunga kidole, akatazama kikaratasi cha kupimia damu, akanitazama na mimi.

"Verlyn, sukari yako imesimama mlangoni. Haijaingia ndani, lakini viatu imeshavua."

Nikamwambia baba yangu alikatwa mguu kwa sukari. Akasema anajua, ndiyo maana ananiambia. Nikamuuliza sasa nile nini. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, akaniambia nipite ofisini kwake siku yoyote tuongee taratibu. Sikupita. Mtu wa ofisi akiwa na tatizo haendi kuuliza maswali hovyo. Anasubiri iundwe kamati.

Ikaundwa. Kamati ya Kudhibiti Wanga ilikuwa na wajumbe watatu wenye kura: Meya akiwa mwenyekiti, mimi nikiwa katibu, na Duane Krebs, ambaye ndiye jeshi zima la polisi la Skarstad. Ione aliteuliwa kuwa mshauri asiye na kura. Meya alieleza kwamba Ione anaielewa mada, na mtu anayeielewa mada hawezi kuwa huru kimawazo.

Katika kikao cha kwanza Ione aliomba dakika tano.

"Lowell, kabla hamjapiga marufuku kitu, mnajua wanga ni nini?"

"Viazi na mkate," akasema Meya. "Endelea."

"Ni zaidi ya hapo. Maharage yana wanga. Maziwa yana sukari yake. Tufaha, karoti, shayiri, vyote vimo."

Meya akaweka kalamu chini. "Duane, andika hayo majina."

"Sijasema uwakamate! Nasema zipo aina. Kuna wanga unaoingia mwilini haraka, kama soda, peremende, mkate mweupe. Unapandisha sukari, halafu unaisha, na njaa inarudi. Na kuna wanga wa polepole, wenye nyuzinyuzi, unaokaa tumboni muda mrefu. Anayetaka kupungua haachi wote. Anachagua, na anapima kiasi."

Meya akaichukua tena kalamu, akasema, "Haraka na polepole. Duane, hilo si la usalama barabarani?"

Duane akakubali kwamba kwa jinsi lilivyoelezwa, ni lake.

Ndani ya wiki moja tulikuwa na vibao. Mlangoni mwa duka la mikate kilisimamishwa kibao cha mwendo wa mwisho maili kumi kwa saa. Duane akawa anakaa kwenye gari lake ng'ambo ya barabara akiwatazama watokao. Siku ya pili alimsimamisha Bi. Hjordis, bibi wa miaka themanini na moja, aliyekuwa ametoka na andazi la mdalasini.

"Mama, unajua nimekusimamisha kwa nini?"

"Kwa sababu huna kazi, Duane."

"Hilo andazi ni la mwendo kasi."

"Mwanangu, hili lipo mkononi. Halijatembea popote."

Duane akamwandikia onyo la maandishi. Bi. Hjordis akalifungia andazi kwenye lile onyo lisipoe, akaenda zake.

Lilikuwepo pia tatizo la kiuchumi. Hapa kwetu tunalima viazi, ngano na bitiruti za sukari. Kwa maneno mengine tunalima wanga, tunausafirisha kwa treni, na mlangoni mwa mji tumejenga kiazi cha saruji chenye urefu wa futi kumi na tano ili mgeni asije akadhani tunafanya kitu kingine. Kamati ilifanya upembuzi yakinifu, ikapitisha kwa kauli moja kwamba ni halali kuendelea kuulima na kuwauzia watu wa majimbo mengine, kwa kuwa afya zao haziko chini ya mamlaka yetu. Kiazi cha saruji kilifunikwa turubai. Upepo ulipovuma, turubai lilipanda na kushuka, na watoto wa shule walisema kiazi kinapumua.

Mwisho wa wiki ya kwanza Meya alikuwa amepungua ratili sita. Alipuliza king'ora cha zimamoto ili kila mtu ajue.

"Ni maji," akasema Ione.

"Maji gani?"

"Ukiacha wanga ghafla, mwili unatoa maji kwanza. Yatarudi."

Meya alilichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili. Nikaagizwa kuiandikia Idara ya Maji ya mji, nikiiomba ieleze yalipo maji ya Mheshimiwa Meya. Idara ya Maji ni binamu yangu Curtis. Alijibu kwa maandishi kwamba amekagua mabomba yote na hana kumbukumbu ya kupokea maji hayo.

Sasa niwaeleze habari za Arlys Thorvik, maana bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia.

Arlys ana mgahawa wenye meza tisa kwenye barabara kuu. Ni mwanamke mnene wa mikono, sauti kama treni ya mizigo, na alisoma darasa moja na mimi na Lowell tangu tukiwa na miaka sita. Kila Jumatano hupika viazi vya kuoka na nyama, na siku ya Ijumaa lefse, zile chapati nyembamba za viazi walizotuachia bibi zetu kutoka Norwe. Mume wake alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo ule mgahawa ndio nyumba yake, kwenye chumba cha juu anapanda tu kulala.

Tulimwendea Jumatano ya tatu ya Januari, Kamati nzima isipokuwa mshauri.

"Arlys," akasema Meya, "kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Moja, tumekuja kutwaa vielelezo."

"Kutwaa nini?"

"Hilo sinia la viazi. Na keki mbili zile za kabatini. Na lefse."

"Lefse ni za kesho kutwa."

"Basi tumezuia uhalifu kabla haujatokea," akasema Duane, akaonekana ameridhika.

Arlys akafuta mikono kwenye aproni, akamsogelea Meya hadi matumbo yao yakakaribia kugusana.

"Lowell Stenerud, mimi nilikuona ukila chaki darasa la pili. Leo ndiwe wa kunifundisha chakula?"

"Chaki haina wanga," akasema Meya, na ni kweli, nilihakiki baadaye.

Tukalibeba lile sinia. Nilipokuwa natoka Arlys aliniita, si kwa sauti ya treni, kwa sauti nyingine.

"Verlyn. Ukinifungia hapa, mchana kutwa niongee na nani?"

Nikasema suala lake litafikishwa panapohusika, nikafunga mlango.

Kanuni ya Kumi na Moja ilisema wazi kwamba vielelezo vyote vikaguliwe kwa kina na kuharibiwa na Kamati yenyewe, ili visije vikaangukia mikononi mwa raia. Hatukuwa na tanuri. Meya akapendekeza njia ya asili. Tukaviharibu kwa mdomo. Tulifunga mlango wa chumba cha mikutano, nikahakikisha akidi imetimia, na kila mjumbe akaharibu kwa kadiri ya uwezo wake. Duane ana uwezo mkubwa. Meya aligundua kwamba siagi na jibini havina wanga, hivyo vilipakwa juu ya vielelezo kwa wingi, ili kupunguza wastani. Kazi ilikuwa nzito. Februari tulikuwa na vikao vitatu kwa wiki, na mimi niliandika mihtasari yote kwa mkono, bila kuacha kitu, kwa sababu karani asiyeandika kila kitu ni mpita njia tu.

Arlys hakufunga. Alimwita Ione jikoni, wakakaa siku mbili na karatasi na penseli. Halafu akabadilisha sahani. Nusu ikawa mboga: kabichi, karoti, maharage mabichi. Robo ikawa samaki wa ziwani au kuku. Robo iliyobaki ikawa wanga: siku moja viazi vya kuchemsha na maganda yake, siku moja shayiri, siku moja mkate mweusi wa shayiri nyekundu. Soda ya kujaziwa bure akaiondoa, mtungi wa maji ukakaa kila meza. Anayetaka sahani ya pili alikuwa huru kuipata, ila sharti azunguke kwanza mtaa mmoja kwa miguu. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kope. Wengi walikumbuka wameshiba.

Hapo ndipo Kamati ilipopata taarifa ya kutisha. Ililetwa na Duane mwanzoni mwa Machi, akihema.

"Bwana Meya, watu wanapungua."

"Wapi?"

"Kwa Arlys. Bi. Hjordis amekaza mkanda matundu mawili. Curtis wa maji suruali inamvuka."

Meya akasimama. "Nani kawapa kibali?"

Nikapekua jalada. Hapakuwa na kibali chochote. Watu kumi na mmoja wa Skarstad walikuwa wanapungua nje ya utaratibu, huku wanakula viazi, hadharani, mchana kweupe. Hili lilikuwa pigo kwa sera. Kama kila mtu ataanza kupungua kivyake, Kamati itabaki na kazi gani?

Meya akaitisha mkutano wa wananchi kwenye ghala la nafaka, Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Hoja yake ilikuwa rahisi, na aliniagiza niiandike kwa wino: Kamati itapimwa hadharani, na wale kumi na mmoja wa Arlys watapimwa hadharani, na matokeo yatalinganishwa na vipimo vya Ione vya vuli. Upande utakaoshindwa utakabidhi kwa upande wa pili mamlaka yote ya chakula katika mji huu, pamoja na mamlaka juu ya milo ya wajumbe wenyewe, hadi sikukuu ya mavuno.

"Unaelewa unachosaini, Lowell?" Ione akauliza.

"Mimi ndiye niliyetunga."

"Ndiyo maana nauliza."

Akasaini. Arlys akasaini chini yake, herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi.

Meya alikataa mizani ya kliniki, akidai ina ukaribu wa kibinafsi na muuguzi. Tukatumia mizani ya malori, ile sahani ya chuma ya kupimia ngano, ambayo huhesabu kwa ratili ishirini ishirini na haina undugu na mtu. Mji mzima ulikuja. Msimamizi wa mizani, Marvin Pfau, alikaa kwenye kibanda chake na kipaza sauti.

Walianza wale kumi na mmoja. Walisimama wamebanana kama kwaya, Bi. Hjordis mbele. Vuli walikuwa ratili elfu mbili mia nne na sitini kwa jumla.

"Elfu mbili mia tatu na ishirini!" Marvin akatangaza.

Watu wakapiga kelele. Curtis akainua mikono, suruali ikashuka, akaiwahi.

Ikafika zamu yetu. Vuli sisi watatu tulikuwa mia saba kamili. Tukapanda. Chuma kikalia kidogo.

"Mia saba na themanini," akasema Marvin, bila kupiga kelele.

"Rudia," akasema Meya.

"Mia saba na themanini, Lowell."

"Ni makoti." Meya akavua koti, akalitupa nje ya sahani.

"Bado."

Akavua viatu. Akavua mkanda wenye kile kibati kikubwa cha shaba. Upepo wa Aprili hapa kwetu hauna utani, lakini Meya alikuwa akitetea sera. Akavua suruali. Alisimama mbele ya raia wake mia nane akiwa na nguo ndefu ya ndani, nyekundu, yenye vifungo nyuma.

"Bado, bwana," akasema Marvin. "Vaa tu."

"Mizani ina hitilafu!" Meya akageukia umati. "Haiwezekani! Kamati hii haijagusa wanga tangu Januari! Verlyn! Wasomee mihtasari! Yote! Wasikie jinsi tulivyofanya kazi!"

Nakiri kwamba moyo wangu ulijaa. Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyewahi kuomba mihtasari yangu isomwe kwa sauti. Nikatoa daftari mfukoni, nikasafisha koo.

"Kikao cha saba," nikasoma. "Akidi ilitimia. Kamati iliharibu sinia moja la viazi vya kuoka, keki mbili za tufaha na lefse thelathini na mbili. Mjumbe Krebs aliomba siagi. Ombi lilikubaliwa. Kikao cha nane. Akidi ilitimia. Maandazi ya mdalasini, ishirini na nne. Mwenyekiti alishauri kila mjumbe aharibu manane. Mwenyekiti aliharibu kumi kutokana na uzito wa majukumu yake."

"Verlyn," Meya akaninong'oneza.

"Kikao cha tisa. Kamati ilikagua biskuti. Haikuridhika, ikakagua tena."

"Verlyn, inatosha."

Lakini alikuwa ameagiza yote, na mimi si mtu wa kusoma nusu. Kufika kikao cha kumi na tano wanawake wa kwaya ya kanisa walikuwa wamekaa chini kwenye zege, wameshikana mabega, machozi yanawatoka kwa kicheko. Duane alikuwa amejificha nyuma yangu, mahali ambapo kwa sasa palikuwa na nafasi ya kutosha. Kufika kikao cha ishirini na tisa hata Meya alikuwa ameacha kunizuia. Alishika suruali yake mbele kama taulo, akitazama mbali.

Nilipofunga daftari ndipo nikasikia nilichokuwa nimesoma. Ratili themanini, watu watatu, na mimi mmoja wao. Nikakumbuka soksi moja ya baba ilivyokuwa ikibaki kwenye droo miaka yote, haina mguu wa kuivaa.

Arlys alipanda kwenye sahani ya chuma. Nilidhani atatutukana, na angekuwa na haki. Akamtandikia Lowell koti mabegani.

"Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Nyote watatu. Ole wake atakayekuja ameshakula."

Tulikwenda. Lowell aliwekewa uji wa shayiri, yai na nusu ya tufaha. Akautazama uji kama hati ya mashtaka. Arlys alimpa na aproni pia, kwa kuwa alisema mtu hawezi kuelewa kitu ambacho hajakiosha, na akamwonyesha gunia la viazi na brashi.

Ione akaja kukaa karibu yangu, na bila kuandaa ajenda yoyote nikamuuliza lile swali la vuli.

"Nile nini, Ione? Sitaki kupoteza mguu."

"Kiazi chako kilekile," akasema. "Kimoja, saizi ya ngumi, na ganda lake. Hakijawahi kukunenepesha peke yake, huwa kinakuja na siagi, krimu, jibini na sahani ya pili. Maharage kula. Mkate, chagua mweusi. Soda imwage. Tembea baada ya chakula. Na njoo nikupime kila mwezi, usitume barua."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Ulitaka vibao?"

Mwezi Julai, kipimo changu kilishuka hadi mahali ambapo Ione alikunja kile kikaratasi na kunipa nikakae nacho. Nilikwenda nacho kaburini kwa baba. Nilikaa tu hapo mchana ule, halafu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba Skarstad imeshuka kwenye orodha ya wilaya hadi nafasi ya kumi na nne, na makao makuu ya jimbo yanamtuma mjumbe na ngao ya heshima kwa kiongozi aliyehusika. Meya alinyoa ndevu. Aliandaa hotuba ya kurasa sita, nikamnakilia. Lakini mjumbe, bwana mmoja kijana mwenye tai na haraka zake, alifika na mpiga picha saa sita mchana badala ya saa tisa, akaingia moja kwa moja mgahawani ambako watu wote walikuwepo. Mheshimiwa Meya alikuwa kwenye sinki, aproni kifuani, mikono imezama hadi viwiko kwenye maji ya viazi.

"Namtafuta anayeongoza shughuli hii ya chakula," akasema mjumbe.

Watu wote wa meza tisa, na Duane akiwemo, wakanyoosha kidole kwa Arlys.

Mjumbe akampa ngao, akampa mkono, akamtaka asimame karibu na jiko wapigwe picha. Arlys akavua kofia ya jikoni, akaivaa tena, uso umemwiva. Mpiga picha akatazama kwenye kamera yake, akakunja uso.

"Samahani, mzee, wewe wa viazi," akamwambia Lowell. "Hebu tupishe kidogo, unaingia kwenye picha."

Mgahawa mzima ukamgeukia Lowell. Lowell alifungua mdomo. Hotuba ya kurasa sita ilikuwa mfukoni mwake, niliiona imechomoza. Akamtazama Arlys, ambaye alikuwa amekumbatia ile ngao kwa mikono miwili.

Akabeba beseni lake la viazi, akahamia upande wa pili wa sinki, akaendelea kusugua.